Filamu ya Jumapili

Mtoto anamtafuta dada yake katikati ya majani marefu yaliyochanua maua meupe. Anakwenda hatua chache, anasita, anageuza shingo upande mmoja, anasikiliza, anaendelea. Ni kipande kifupi tu. Lakini siku ya kukipiga, tarehe 27 Oktoba 1952, kwenye uwanda ulio kando ya reli karibu na Palsit, mbali na Calcutta, mtoto aliyechaguliwa alitembea amekakamaa, macho mbele, mikono imeganda ubavuni, namna watoto wote wanavyotembea wakijua kwamba wakubwa wanawatazama. Mwongozaji hakumkaripia. Hakumkalisha chini kumweleza uchungu wa kupotelewa na dada. Aliokota vijiti, akavilaza hapa na pale kwenye njia ya mtoto ili miguu ipate kitu cha kuruka. Kisha akawaficha watu wake majanini, huku na huku, akawaagiza wamwite mtoto kwa zamu. Mtoto akaruka vijiti, akageukia kila sauti ilikotoka, na sisi tunaotazama leo tunamwona Apu akimtafuta Durga.

Ustadi wa Satyajit Ray ulijionyesha hapo, siku ya kwanza ya filamu yake ya kwanza, Pather Panchali. Hakuomba hisia. Aliipa miguu kazi, akayapa masikio kazi, na uso ukafuata. Nimeona filamu za fedha nyingi ambamo mtoto amelazimishwa kulia, machozi yametoka kweli, na bado moyo wangu haukusogea. Ray alikuwa na kamera ya kukodi na vijiti vya kuokota.

Jumapili iliyofuata kikosi kilirudi uwandani kumalizia. Maua hayakuwapo. Katikati ya juma ng'ombe walikuwa wamepita wakayala yote. Angeweza kutafuta uwanda mwingine, au kuihamishia sehemu ile kwenye shamba la mpunga, na nina hakika wengi wangemshauri hivyo. Yeye aliamua kungoja mwaka mzima mpaka kaash, ndivyo Wabengali wanavyoliita jani hilo, lichanue tena. Alitaka weupe wa maua kwa sababu alijua nini kitapita nyuma yake: treni, na moshi mweusi. Picha ile aliiona akilini mwake kabla ya kuwa na fedha ya kununua mkanda wa kuipigia.

Wakati huo Ray alikuwa na umri wa miaka 31, mke, na kazi ya mshahara. Tangu 1943 alikuwa mchoraji katika D.J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Waingereza jijini Calcutta, na hakuwa na ujasiri wala uwezo wa kuiacha. Ndiyo maana filamu ilianza kupigwa siku za Jumapili na za sikukuu. Chuo cha filamu hakukiona. Alisomea uchoraji Santiniketan, mahali ambapo Rabindranath Tagore alianzisha chuo chake, na riwaya ya Pather Panchali, iliyoandikwa na Bibhutibhushan Bandyopadhyay na kutoka mwaka 1929, ilimwingia akilini alipopewa kazi ya kuchora picha za toleo lake fupi la watoto. Mchoraji wa kitabu hulazimika kuamua: kati ya kurasa mia, ni nyakati zipi kumi zitakazobeba hadithi? Naamini uamuzi huo ndio uliokuwa shule yake ya kwanza ya filamu, kuliko sinema zote alizozitazama.

Hata hivyo alizitazama nyingi. Mwaka 1947 yeye na wenzake walianzisha chama cha wapenda filamu Calcutta. Jean Renoir alipofika kutoka Ufaransa kutafuta mahali pa kupigia The River, Ray alimzungusha vijijini. Mwaka 1950 kampuni yake ilimpeleka London kwa miezi kadhaa, na huko akaiona Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica: mitaa ya kweli, watu ambao hawajawahi kuigiza, hadithi ya baiskeli iliyoibwa. Melini, wakati wa kurudi nyumbani, alianza kuandika jinsi atakavyoitengeneza Pather Panchali. Mswada wa kawaida, wenye mazungumzo yaliyopangwa ukurasa kwa ukurasa, haukuwapo. Palikuwa na daftari la michoro ya wino, picha baada ya picha, na alilibeba daftari hilo kwa kila mtayarishaji aliyekubali kumfungulia mlango.

Watayarishaji walilitazama wakalifunga. Hapakuwa na nyota, hapakuwa na nyimbo za kuchezwa, na mhusika anayependeza kuliko wote ni kikongwe asiye na meno. Sisi wa pwani tukisikia sinema ya Kihindi, akili huenda Bombay: Raj Kapoor, Nargis, nyimbo ambazo wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walizijua tangu mwanzo hadi mwisho ingawa Kihindi hawakukijua. Mapenzi hayo ni ya kweli, nami nimelelewa ndani yake. Ila Ray alikuwa akitengeneza kitu ambacho hata nchi yake ilikuwa haijakiona. Familia maskini ya kijijini, baba anayeota kuwa mwandishi, mama anayehesabu mchele, binti mwenye mikono myepesi, mtoto wa kiume anayetazama tu. Mtu akiuliza hadithi yenyewe inahusu nini, jibu haliwezi kutoshea katika tangazo, na aliyejua hilo kuliko wote ni Ray mwenyewe, maana matangazo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Aliowakusanya nao walikuwa wapya karibu wote. Subrata Mitra, mpigapicha, alizaliwa mwaka 1930 na hakuwa amewahi kuiendesha kamera ya filamu. Wakati wa The River aliruhusiwa kukaa pembeni akatazama, na kila siku alichora daftarini mwake taa zilikowekwa na waigizaji waliposimama. Bansi Chandragupta, aliyesimamia majumba na vifaa, ndiye aliyekuwa na uzoefu kidogo, naye pia alipita kwa Renoir. Mhariri Dulal Dutta aliijua meza ya kukatia. Hao ndio walioingia kijiji cha Boral, kusini mwa Calcutta, kwenye nyumba mbovu waliyoikodi na kuipanga upya ukuta kwa ukuta, wakajifunza kazi hadharani.

Fedha zilipatikana kwa njia zinazouma kuzisimulia. Ray alikopa kwa bima yake ya maisha. Aliuza vitabu vyake vya sanaa na sahani zake za santuri. Mkewe, Bijoya, alitoa vito vyake vikawekwa rehani. Baada ya hapo kamera ilirudishwa kwa mwenyewe na kazi ikasimama kwa muda mrefu. Anayepika hujua moto ukizimwa katikati chakula huharibika, na filamu nyingi zilizosimama namna hiyo zimeharibika vivyo hivyo. Hii haikuharibika, na sababu yake inanivutia kuliko habari yenyewe ya umaskini. Ili apate mtu wa kumsaidia, Ray alilazimika kuviunganisha vipande alivyokwisha kupiga awaonyeshe wenye fedha. Wenye fedha hawakushawishika. Yeye mwenyewe alikaa akaitazama kazi yake mara kwa mara, wakati bado sehemu kubwa haijapigwa, akaona ni wapi kipande kinachelewa kukatwa na ni wapi kinawahi. Waongozaji wengi hupata nafasi hiyo wakati hakuna tena la kufanya. Na kwa kuwa filamu ilipigwa zaidi kwa kufuata mpangilio wa hadithi, mtazamaji mvumilivu anaweza kuyaona mafunzo hayo kwa macho: nusu ya kwanza ina mahali inapoyumba, halafu kadiri Apu anavyofumbuka macho, ndivyo na kamera inavyotulia.

Kungoja kulikuwa na hatari tatu ambazo Ray alizitaja maisha yake yote: sauti ya Apu ingevunjika, Durga angekua, na bibi kizee angekufa. Hakuna lililotokea, naye aliuita muujiza.

Huyo bibi anastahili kukaliwa kitako. Chunibala Devi aliwahi kuigiza jukwaani zamani, akasahauliwa, na Ray alipomfikia alikuwa na miaka 80 au zaidi. Alihitajika kuigiza Indir Thakrun, ndugu wa mbali asiye na mtu, anayekaa kwenye nyumba ya familia kwa hisani na kufukuzwa kila hisani inapokwisha. Ray hakutaka mwanamke wa makamo aliyepakwa rangi ya uzee. Alitaka mgongo uliopinda wenyewe, na ngozi ambayo nuru ikiiangukia inasimulia habari. Alimlipa rupia 20 kwa siku.

Kilichomshangaza ni kumbukumbu yake. Filamu hupigwa vipande vipande, na kipande cha leo huenda kikafuata mara moja kile cha miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo lazima pawe na mtu anayekumbuka kila kitu kilivyokuwa, ama sivyo mwigizaji ataingia mlangoni na shuka na kutokea upande wa pili bila shuka. Kikosi kile kidogo kilikuwa na bahati, kwa sababu Chunibala alikumbuka. Alimweleza Ray kama mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa katika kipande kilichopita, kama uso ulikuwa na jasho, kama kitita kilikuwa mkono huu au ule. Akili ya jukwaani, ambako mwigizaji hana wa kumsaidia pazia likishafunguliwa, ilikuwa imebaki nzima ndani ya mwili uliokwisha kuchoka.

Indir Thakrun anakufa amejikunyata kwenye msitu wa mianzi. Watoto wanarudi kutoka kuona treni, Durga anadhani bibi amelala, anamtikisa, na kichwa kinaanguka. Chombo chake cha maji kinabiringika mteremkoni hadi kinafika majini. Ray alikuwa tayari ametuzoesha chombo hicho. Kila mara bibi alipofukuzwa aliondoka nacho na kila aliporudi alirudi nacho. Sasa kinaondoka peke yake. Baada ya hapo palihitajika picha ya mazishi, maiti ikichukuliwa kwenye machela alfajiri. Ray aliona aibu kumwomba mtu wa umri ule alale afungwe kwenye machela ya maiti. Chunibala alikubali bila tabu. Walimfunga, wakambeba, kamera ikazungushwa, wakamweka chini, wakafungua kamba, naye hakutikisika. Watu wakatazamana wasijue la kufanya. Ndipo sauti yake ikatoka ikiuliza kama picha imekwisha, na mbona hakuna aliyemwambia, maana yeye bado amelala pale akiwa maiti.

Hakuiwahi filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema. Ray, kwa kuhofia hilo, alimpelekea mashine ya kuonyeshea nyumbani kwake, akaitazama.

Waigizaji wengine hawakusubiri. Katika sehemu moja muuza peremende mnene anapita na vyungu vyake begani, Apu na Durga wanamfuata bila senti mfukoni, na mbwa anawafuata watoto, wote katika mstari mmoja, na kivuli cha msafara mzima kinatembea kichwa chini ndani ya bwawa. Kati ya kuanza na kumaliza sehemu hiyo, fedha zilikatika na mwigizaji wa muuza peremende akafariki. Ray alitafuta mtu mwingine mwenye umbo kama lake, akampiga picha kwa mgongo. Mbwa naye hakutaka kufuata msafara wowote, mpaka Durga alipopewa kipande cha sandesh, tamu ya maziwa wanayoipenda sana Wabengali, akakishika nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo kamera haioni na pua ya mbwa inaona vizuri sana. Ukiijua siri hiyo utatarajia kuuona mkono wa Durga tu kila unapoitazama upya. Haiwi hivyo. Furaha ya msafara inakushinda.

Treni ilikuwa kazi kubwa zaidi. Kwanza Ray anatusikilizisha. Usiku, nyumbani, taa ndogo inawaka, baba na mtoto wapo kwenye daftari, bibi anahangaika na uzi na sindano, na kwa mbali inapita sauti ya treni. Apu anamwuliza dada yake kama amewahi kuiona. Sehemu kubwa ya filamu inapita kabla hawajafika relini, na hata wakifika, kinachotangulia ni sauti nyingine: Durga anaweka sikio kwenye nguzo ya simu na ndani yake kunavuma. Hapo ndipo moshi unapotokea juu ya maua meupe. Moshi ule haukuwa wa kubahatisha. Mtu wa kikosi alipanda kwenye kichwa cha treni ili mahali palipotakiwa makaa yatiwe kwa wingi na wingu jeusi litoke, na treni zaidi ya moja zilipigwa picha kupata kipande kimoja. Halafu, katika dakika ambayo mwongozaji mwingine angewakumbatisha ndugu wawili mbele ya treni, Durga anajikwaa anaanguka. Apu peke yake ndiye anayefika. Kamera inavuka upande wa pili wa reli, na tunamwona mtoto kati ya magurudumu yanayopita. Durga hataiona treni nyingine.

Kuhusu mvua nitasema machache, kwa kuwa atakayeitazama haihitaji kuelezwa. Msimu wa masika ulipita kikosi kikiwa hakina fedha. Fedha zilipopatikana ilikuwa Oktoba, mbingu safi, na walikwenda kijijini siku baada ya siku na kamera na watoto wakitazama juu, mpaka wingu likaja. Tone la kwanza linamwangukia mzee mwenye upara anayevua samaki, na huo ndio ucheshi wa Ray, mdogo na wa huruma. Durga anacheza mvuani na nywele zake ndefu, Apu anatetemeka chini ya mti, na kutetemeka kule ni kwa kweli. Baada ya picha watoto walipewa maziwa ya moto yenye tone la brandi.

Fedha zenyewe zilitoka serikalini. Kwa njia ya marafiki wa mama yake, habari zilimfikia Dk. Bidhan Chandra Roy, waziri mkuu wa jimbo la Bengali Magharibi, ambaye aliagiza filamu isaidiwe, na gharama zikaandikwa kwenye fungu la barabara. Maofisa walitaka mwisho ubadilishwe: familia ibaki kijijini, iungane na wanakijiji wenzake kwenye mradi wa maendeleo. Ray alikataa, familia ikapakia vitu vyake kwenye gari la ng'ombe ikaondoka, kama ilivyo riwayani.

Ravi Shankar, aliyetunga muziki, alipatikana kwa usiku mmoja tu. Alikuwa mwanamuziki wa kusafiri, akaitazama karibu nusu ya filamu, wakaingia studio, wakarekodi kwa saa 11 hivi hadi alfajiri, yeye akivumisha na kupiga, wapigaji wakifuata. Alipoondoka pakagundulika sehemu zilizokosa muziki, ikiwamo ile ya muuza peremende. Sitari tunayoisikia pale, nyepesi na yenye kurukaruka, ilipigwa na Subrata Mitra, mpigapicha.

Katika usiku ule lilizaliwa jambo ambalo kwangu ni kilele cha filamu. Harihar, baba, amekuwa mbali kwa miezi akitafuta riziki. Durga amekufa kwa homa, nyumba imebomolewa na dhoruba, naye hajui. Anaingia uani anaita watoto, anatoa zawadi moja baada ya nyingine, na mwishowe anamkabidhi mkewe sari aliyomnunulia Durga. Mkewe, Sarbajaya, anayeigizwa na Karuna Banerjee, tangu msiba amekuwa kimya kabisa. Sasa anaikandamiza sari mdomoni na kulia. Tunaona mdomo, tunaona mwili ukitikisika, lakini sauti ya kilio chake haipo. Mahali pake Ray aliweka tar shehnai, ala ya kupigwa kwa upinde, ikipanda juu na kukaa huko juu. Karuna Banerjee alilia vizuri. Hakukuwa na dosari ya kuficha. Lakini kilio cha mtu mmoja ni cha mtu huyo, nasi tunakitazama tukiwa nje. Ile ala haina mwenyewe. Inapopanda, kila aliyewahi kupokea habari ya namna hiyo, au kuitoa, anajikuta ndani. Baba anaendelea kutoelewa kwa muda kidogo, halafu naye anaanguka. Hakuna neno lililosemwa kuhusu kifo, wala halikuhitajika.

Ujasiri huohuo wa kunyamaza unarudi karibu na mwisho. Mwanzoni Durga alituhumiwa kuiba mkufu wa jirani, akakana, mama akampiga. Sasa familia inafunga mizigo, Apu anashusha kitu kutoka rafuni, na mkufu unadondoka. Anautazama, anakimbia bwawani, anautupa. Majani yanayofunika maji yanatoboka, kisha polepole yanajikusanya kulifunga tundu. Kamera inangoja mpaka yafunge karibu yote. Mtoto ameitunza siri ya dada yake, na kwa mara ya kwanza amefanya jambo kwa uamuzi wake. Hadi hapo alikuwa macho tu.

Onyesho la kwanza la filamu hii lilifanyika mahali ambapo Ray hakuwapo. Monroe Wheeler, wa jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, alipita Calcutta mwaka 1954, akaona picha chache za mnato, akaomba filamu iwe tayari kwa maonyesho ya sanaa za India yaliyopangwa mwaka uliofuata. Miezi kadhaa baadaye John Huston, aliyekuja India kwa kazi zake, alionyeshwa vipande visivyo na sauti akapeleka habari njema Marekani. Kuanzia hapo kazi iliyozoea kungoja ikaambiwa ikimbie. Ray na Dulal Dutta walikata mchana na usiku bila kulala, na nakala iliyosafirishwa haikuwa na maandishi ya tafsiri. Tarehe 3 Mei 1955, siku moja baada ya Ray kutimiza miaka 34, watu wa New York waliketi wakatazama filamu ya Kibengali bila kuelewa neno hata moja lililosemwa. Walielewa filamu. Sidhani kama mwongozaji anaweza kupewa mtihani mkali kuliko huo, na Ray, mbali kule Calcutta, alisubiri telegramu imweleze kilichotokea.

Nyumbani ilianza tarehe 26 Agosti 1955, kwa mabango aliyoyachora mwenyewe. Siku za mwanzo viti vilikuwa vitupu. Kisha waliotazama wakawaambia wengine, na wiki hazikupita nyingi nafasi zikawa shida kupatikana. Mwaka 1956 Cannes iliipa tuzo ya filamu iliyosimulia ubinadamu kwa ukweli kuliko zote. Mwaka 1993 hasi zake ziliungua katika moto wa maabara moja London. Mafundi wa Bologna, Italia, walizilainisha upya hasi zile zilizokauka na kujikunja, wakarekebisha picha kwa picha, na pale hasi zilipokuwa zimekufa kabisa wakachukua kutoka nakala nyingine. Mei 2015 filamu iliyorejeshwa ilionyeshwa kwenye jumba lilelile la New York.

Ray na Mitra walikuwa tayari kwenye kazi nyingine kabla sifa za ile ya kwanza hazijatulia. Aparajito, ya mwaka 1956, inamfuata Apu na wazazi wake hadi Benares, kwenye nyumba yenye ua wa ndani ulio wazi juu. Walipiga picha mjini Benares penyewe, lakini nyumba ilibidi ijengwe studio Calcutta. Mitra alipinga vikali. Nuru ya ua wa namna ile hushuka kutoka angani ikiwa imesambaa, haina kivuli kikali, ilhali taa za studio hutupa vivuli viwili vitatu kwa kila mtu, na mtazamaji hujua papo hapo kwamba amedanganywa. Hoja yake haikushinda. Basi akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua, mahali pa anga, akazigeuza taa zielekee kitambaani badala ya kuwaelekea waigizaji, na nuru ikarudi chini ikiwa laini. Naitazama mara kwa mara nikijaribu kubaini kipande gani kimepigwa Benares na kipi studio, na bado ua ule unanishinda. Mwaka 1957 Aparajito ilipata Simba wa Dhahabu huko Venice. Mitra alikuwa na miaka 26, na hiyo ilikuwa filamu yake ya pili.